Mwongozo wa kuchagua chuo chenye idara thabiti ya muziki

KILA mwezi wa Agosti unapowadia, maelfu ya wanafunzi kutoka pembe zote za nchi hukusanyika kushindana katika Tamasha za Kitaifa za Muziki. Mashindano haya, yaliyoanza mwaka wa 1927, yamekuwa kitalu cha vipawa kwa vizazi kadhaa. Hata hivyo, makofi yakishatulia na vikombe vikiwekwa makabatini, huzuka swali ambalo wazazi wengi hawana jibu lake. Je, kijana aliyetia fora kwa sauti au kwa ala aende wapi ili kipawa chake kigeuke taaluma ya kumlisha?

Swali hilo si dogo. Anayekosea katika kuchagua chuo cha muziki hapotezi karo peke yake. Hupoteza pia miaka minne ya ujana, wakati ambapo vidole, koo na masikio bado hufunzika kwa wepesi. Wapo waliohitimu wakiwa na shahada mkononi ilhali hawawezi kupiga ala yoyote mbele ya hadhira. Wapo pia waliotaka kuwa walimu wakagundua, baada ya kuvaa joho, kwamba shahada waliyosomea haiwaruhusu kusajiliwa.

Makala haya yanaeleza mambo ambayo mwanafunzi na mzazi wanafaa kuyachunguza kabla ya kujaza fomu. Msingi wa yote ni mmoja: chuo cha muziki hakipimwi kwa ukubwa wa jina lake, bali kwa mwalimu atakayeketi na mwanafunzi, ala atakayoishika na sauti inayotoka katika idara yenyewe.

Pengo lilikotoka

Ni vyema kwanza kuelewa kwa nini vijana wengi hufika chuoni wakiwa na sauti nzuri lakini bila msingi wa nadharia. Mwaka wa 1982, serikali iliunda tume ya muziki iliyoongozwa na msomi Washington Omondi. Ripoti yake ilitolewa mwaka wa 1984, na miongoni mwa matunda yake ni Tume ya Kudumu ya Rais kuhusu Muziki, iliyoanzishwa mwaka wa 1988. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, muziki ulipewa nafasi katika shule za msingi na ukatahiniwa pamoja na sanaa na ufundi.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaala ulipopunguzwa na muziki ukaondolewa katika masomo ya mtihani wa KCPE. Somo lisilotahiniwa halikukawia kupuuzwa. Shule nyingi zilibaki na kwaya za mashindano, lakini mwanafunzi aliyeimba vizuri hakufunzwa kusoma nota. Katika sekondari, ni shule chache tu zilizoendelea kulifunza somo hilo hadi KCSE.

Watahiniwa wa KCSE wanaofanya muziki huwa na karatasi tatu: ya vitendo, ya usikivu, na ya nadharia na historia. Aliyepitia mkondo huo huwa ametangulia wenzake hatua kadhaa anapofika chuo kikuu. Asiyeupitia hajafungiwa mlango wote, lakini ni lazima ajue mapema ni milango ipi iliyo wazi kwake.

Mtaala wa umilisi sasa umeleta sura mpya. Shule za upili za juu zina mikondo mitatu, na mmoja wao ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kundi la kwanza la mtaala huo lilifanya mtihani wa Gredi ya 9 mwaka wa 2025 na linatarajiwa kumaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028, ilhali kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Kwa hivyo, kwa miaka michache ijayo, vyuo vitawapokea wanafunzi wa mifumo miwili, na mzazi hana budi kuthibitisha ni masharti yapi yanayomhusu mwanawe.

Kujua unachotaka

Neno muziki ni pana kama bahari. Ndani yake mna mwimbaji, mpigaji ala, mtunzi, mwalimu, kiongozi wa kwaya kanisani, mtafiti wa muziki wa jamii na fundi wa kurekodi studioni. Kila mmoja wao huhitaji mafunzo tofauti, na hakuna idara iliyo imara katika yote kwa kiwango kimoja. Mtaka yote hukosa yote.

Shahada ya Muziki humlenga anayetaka kubobea katika kupiga ala, kuimba, kutunga au kufanya utafiti. Shahada ya Elimu, muziki ukiwa mojawapo ya masomo mawili ya kufundisha, humlenga anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari. Kozi za teknolojia ya muziki huegemea upande wa studio, mitambo ya sauti na utayarishaji wa nyimbo. Stashahada kwa kawaida huchukua muda mfupi kuliko shahada na huwafaa wale ambao alama zao hazikufika C+, au wanaotaka kujijengea msingi kabla ya kupanda ngazi.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, humsajili mwalimu wa sekondari mwenye shahada ikiwa amesomea ualimu na ana masomo mawili ya kufundisha. Aidha, hudai alama ya wastani ya C+ katika KCSE, pamoja na C+ katika kila mojawapo ya masomo hayo mawili. Tuseme msichana ana sauti ya kupigiwa mfano, anajiunga na Shahada ya Muziki, kisha anaamua kufundisha. Hata akiongeza stashahada ya uzamili ya ualimu, bado ataulizwa somo lake la pili ni lipi. Na ikiwa shule yake ya sekondari haikufunza muziki, ataulizwa pia alama yake ya KCSE katika somo hilo. Haya ni maswali ya kuulizwa kabla ya kujiunga na chuo, wala si baada ya kufuzu.

Mwalimu ni nani?

Katika masomo mengi, mhadhiri mmoja huweza kuwafundisha wanafunzi 200 katika ukumbi mmoja. Muziki haufundishwi hivyo. Mpiga fidla hujifunza akiwa ameketi na mwalimu wake ana kwa ana, akirekebishwa jinsi anavyoushika upinde, anavyoinua kiwiko na anavyovuta pumzi. Kipindi hicho cha mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja ndicho kiini cha mafunzo. Idara isiyokitoa, au inayokitoa kwa msimu na kukikatiza, ni dhaifu hata kama majengo yake yanang'aa.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kuuliza ni hili: ni nani atakayenifundisha ala yangu? Jibu la kwamba idara ina wahadhiri wengi halitoshi. Idara inaweza kuwa na wahadhiri 10, lakini ikawa haina hata mmoja anayepiga saksafoni. Mwanafunzi wa saksafoni akifika hapo, huishia kuhamishiwa piano au uimbaji kwa kuwa ndivyo vilivyopo.

Swali la pili ni iwapo mwalimu huyo ameajiriwa kwa kudumu au huja kwa kibarua. Walimu wa kibarua si kasoro kwa wenyewe. Wengi ni wanamuziki hodari ambao bado hutumbuiza, na huleta ujuzi wa jukwaani darasani. Tatizo hutokea chuo kinapochelewesha malipo yao nao wakaacha kuja katikati ya muhula. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ndiye anayeweza kueleza ukweli wa jambo hili kuliko afisa yeyote wa usajili.

Swali la tatu huhusu ala za asili. Nyatiti ya Waluo, obokano ya Abagusii, litungu ya Wabukusu na kayamba ya Wamijikenda ni ala zenye ufundi wake, na mafundi wengi walio stadi hawakupata shahada. Idara inayojua thamani yao huwaalika wafundishe, hata ikiwa hawana vyeti. Inayowadharau hufundisha ala hizo kwa picha ubaoni.

Vifaa na vyumba vya mazoezi

Mwanafunzi wa muziki hujifunza zaidi akiwa peke yake kuliko akiwa darasani. Anayetaka kuiva huhitaji saa kadhaa za mazoezi kila siku, na saa hizo huhitaji chumba. Ndiyo maana vyumba vidogo vya mazoezi ni kipimo bora cha idara kuliko ukumbi mkubwa wa sherehe.

Mgeni anayezuru chuo na ahesabu. Vyumba ni vingapi na wanafunzi ni wangapi? Vinafungwa saa ngapi? Je, mwanafunzi anaweza kufanya mazoezi usiku na mwishoni mwa wiki? Piano ni ngapi, na ngapi kati yazo zinalia sawasawa? Piano huhitaji kurekebishwa sauti mara kwa mara, walau mara mbili kwa mwaka, na katika maeneo yenye joto na unyevu kama vile Pwani huharibika upesi zaidi. Njia rahisi ya kupima ni kufungua kifuniko na kubonyeza vitufe vyote, kimoja baada ya kingine. Kitufe kisicholia husema mengi kuhusu bajeti ya idara.

Kadhalika, ni muhimu kuangalia maktaba ya nota na rekodi, studio ya kurekodia pamoja na programu zake, na akiba ya ala ambazo mwanafunzi asiyejiweza anaweza kuazima. Chuo ambacho humtaka kila mwanafunzi aje na ala yake hakina budi kusema hivyo waziwazi, maana bei ya fidla au tarumbeta nzuri inaweza kuzidi uwezo wa familia.

Siku nzuri ya kuzuru ni siku ya kawaida katikati ya muhula, mwendo wa saa kumi au saa kumi na moja jioni, wala si siku ya sherehe. Wakati huo masomo huwa yanamalizika na mazoezi kuanza. Idara iliyo hai husikika kabla ya kuonekana: huku kwaya inapasha sauti, kule mtu anarudia skeli ileile kwa mara ya ishirini, na nyuma ya jengo ngoma zinapigwa. Idara iliyo kimya saa hiyo ina lake jambo, hata kama kijitabu chake cha matangazo kimejaa picha za kupendeza.

Vikundi na jukwaa

Hakuna anayejifunza kuogelea nchi kavu. Mwanamuziki naye hukomaa jukwaani, akiwa na wenzake. Chuo kizuri huwa na vikundi vinavyofanya mazoezi kila wiki: kwaya, bendi, kikundi cha ala za asili, kikundi cha dansi na, pale wapigaji wanapotosha, okestra. Mwanafunzi na aulize kila kikundi kilitumbuiza lini kwa mara ya mwisho, wapi, na mbele ya nani.

Kwaya za vyuo zimechangia pakubwa historia ya muziki nchini. Mwelekezi Boniface Mganga aliiongoza kwaya ya Muungano hadi ikarekodi na kusikika ng'ambo. Arthur Kemoli, mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alizipanga nyimbo za kienyeji kwa ajili ya kwaya, na kazi zake huimbwa hadi leo katika mashindano. Mifano hiyo miwili hukumbusha kuwa mwelekezi mmoja mwenye ari anaweza kukiinua chuo kizima. Akiondoka, chuo hichohicho kinaweza kushuka. Kwa hivyo sifa za miaka iliyopita zisichukuliwe kuwa hali ya leo.

Jambo jingine la kuulizia ni onyesho la kuhitimu. Katika idara zilizo makini, mwanafunzi wa utumbuizaji hawezi kupata shahada bila kusimama peke yake mbele ya hadhira na watahini kwa muda uliowekwa. Idara inayomaliza yote kwa mtihani wa kuandika inafundisha habari za muziki, haifundishi muziki.

Majaribio ya kuingia

Wengi huogopa chuo kinachowajaribu waombaji kabla ya kuwasajili. Kwa hakika, wanafaa kukiogopa kile kisichojaribu. Chuo kinachowapokea wote bila kuwasikiliza hakijui kitawafundisha nini, na mara nyingi darasa lake huwa mchanganyiko wa wanaojua sana na wasiojua kabisa, hivyo kwamba wote hucheleweshwa.

Kwa kawaida, mwombaji huombwa kupiga au kuimba vipande viwili vyenye mwendo tofauti, kutekeleza skeli, kusoma nota ambazo hajawahi kuziona, na kurudia kwa sauti mahadhi aliyochezewa. Matayarisho ya majaribio hayo si ya wiki moja. Anayekusudia kujiunga mwaka ujao anafaa kuanza mwaka huu.

Kwa wale ambao shule zao hazikufunza muziki, ipo njia nyingine. Mitihani ya ABRSM ya London, bodi iliyoanzishwa mwaka wa 1889, hufanywa humu nchini na ina ngazi nane za vitendo na za nadharia. Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1944, imewaandaa wengi kwa mitihani ya namna hiyo. Vyeti hivyo havichukui nafasi ya KCSE, lakini huthibitisha kwa chuo kwamba mwombaji anazijua nota. Hata hivyo, anayetaka kuwa mwalimu akumbuke sharti la TSC lililotajwa hapo awali, na aulize mapema iwapo cheti chake kitatambuliwa.

Vyuo vilivyopo

Chuo Kikuu cha Kenyatta ndicho kinachotajwa kwanza na wengi, kwa kuwa idara yake ya muziki na dansi imewatoa walimu wengi wa somo hilo katika shule za sekondari. Kinafaa hasa kwa anayetaka kuunganisha muziki na ualimu, au kujikita katika utafiti wa muziki wa Kiafrika.

Chuo Kikuu cha Maseno, magharibi mwa nchi, pia kimefunza muziki kwa miaka mingi, nacho kipo katika eneo lenye utajiri wa nyatiti na orutu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ambacho awali kilikuwa Kenya Polytechnic na kikapanda hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013, kipo katikati ya jiji la Nairobi, karibu na kumbi na studio. Miongoni mwa vyuo vya kibinafsi, Kabarak karibu na Nakuru na Daystar vimejenga jina katika muziki, na kwa kuwa vimejengwa juu ya misingi ya Kikristo, huwavutia wengi wanaolenga muziki wa kanisani.

Nje ya mipaka, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kimefunza muziki, dansi na drama tangu mwaka wa 1971. Nchini Tanzania, Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka wa 1981 na tangu 2007 kinajulikana kama TaSUBa. Nguvu yake ni ngoma, dansi na maigizo. Huko Unguja, Dhow Countries Music Academy ina nafasi ya pekee kwa yeyote anayetaka kujifunza taarab kutoka kwa wenyewe, pamoja na udi na kanuni. Kijana wa Mombasa au Lamu anayependa muziki wa mwambao anaweza kupata huko kile ambacho hakipatikani kwa urahisi katika vyuo vya bara.

Wenye uwezo au ufadhili hutazama mbali zaidi. South African College of Music, iliyo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, ilianzishwa mwaka wa 1910. Berklee ya Boston, Marekani, ndiko alikosomea mwanamuziki Eric Wainaina, na hufahamika zaidi kwa jazi na muziki wa kisasa kuliko muziki wa kale wa Ulaya. Vyuo vya Uingereza vya aina hiyo huanza kupokea maombi mapema mno, takriban mwaka mmoja kabla ya masomo kuanza, na bila majaribio ya ana kwa ana au ya video hakuna nafasi. Ufadhili wa vyuo hivyo huwa na ushindani mkali, na mara nyingi haugharimii kila kitu.

Uhalali na gharama

Hakuna kipawa kinachoweza kukiokoa cheti kisichotambuliwa. Kozi ya shahada sharti iwe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Vyuo vya stashahada na vyeti vya ufundi husimamiwa na mamlaka ya TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2013. Chuo kuwa na kibali hakumaanishi kwamba kila kozi yake ina kibali. Kwa hivyo, ulizia kozi yenyewe kwa jina lake kamili.

Anayetegemea kuteuliwa na KUCCPS anafaa kusoma kwa makini masomo yanayohitajika kwa kozi husika, maana kozi mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kuwa na masharti tofauti. Kuhusu fedha, utaratibu wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu ulibadilishwa mwaka wa 2023 na ukapingwa mahakamani. Ndiyo maana ni busara kupata taarifa za mwaka husika moja kwa moja kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, badala ya kutegemea aliyosimulia jirani.

Juu ya karo, muziki una gharama zilizojificha. Kuna nyuzi zinazokatika, vitabu vya nota, mavazi ya kwaya, nauli za matumbuizo, ada za mitihani ya nje na matengenezo ya ala. Mzazi na aombe orodha ya gharama hizo kwa maandishi. Afisa anayesita kuitoa huenda mwenyewe haijui.

Baada ya kuhitimu

Kipimo cha mwisho cha chuo ni watu waliopitia humo. Mzazi anaweza kuomba kuelezwa walipo wahitimu wa miaka mitano iliyopita. Idara inayowafuatilia wanafunzi wake itajibu bila kubabaika.

Ajira zipo, ingawa si za aina moja. Bendi za Polisi, Jeshi, Magereza na Huduma ya Vijana kwa Taifa huwahitaji wanaosoma nota. Shule za umma na za kibinafsi huwahitaji walimu, na mtaala wa umilisi umeongeza uzito wa sanaa. Makanisa huajiri waelekezi wa kwaya. Serikali za kaunti zina idara za utamaduni. Studio, filamu na matangazo ya biashara huwahitaji watunzi na mafundi wa sauti. Lakini wengi huishi kwa kuunganisha kazi mbili au tatu: kufundisha asubuhi, kurekodi mchana na kutumbuiza Jumamosi.

Kwa sababu hiyo, chuo kizuri hufundisha pia upande wa biashara: kusoma mkataba, kulipa ushuru na kuilinda kazi chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Wanamuziki wengi wa Kenya waliokuwa na majina makubwa walizeeka katika ufukara kwa kutia saini karatasi wasizozielewa. Mwanafunzi anayehitimu bila kujua mrabaha ni nini amefundishwa nusu ya kazi.

Mzazi na mwana

Mwisho, yapo mazungumzo ambayo hayafanyiki chuoni bali nyumbani. Wazazi wengi huona muziki kama mchezo wa kupitisha wakati, na mwana aliyepata alama za juu husukumwa kwenye sheria au uhandisi. Hofu yao haikosi msingi, maana wanajua bei ya unga. Lakini wimbo wa taifa unaoimbwa shuleni ulipatikana kwa sababu walikuwapo waliosomea kazi hii: mwaka wa 1963, kamati ya wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi aliyetajwa hapo awali, ilichukua mahadhi ya bembea ya Wapokomo na kuyapanga yakawa wimbo wa nchi nzima.

Njia ya kumaliza ubishi si mzazi kukataa wala mwana kununa. Na waende pamoja kuzuru vyuo viwili au vitatu, wakiwa na maswali yaliyoandikwa. Wamsikilize mwalimu, wabonyeze piano, wazungumze na wanafunzi wa mwaka wa tatu, waulizie usajili wa TSC na wapate orodha ya gharama. Ikiwa majibu ni mabovu, mwana mwenyewe ataona. Ikiwa ni mazuri, mzazi atakuwa na sababu ya kulipa karo kwa moyo mkunjufu. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga, na katika jambo hili, asiyeuliza ndiye atakayelipa miaka minne.